Vidole vya Alungat

Busia hii yote, kutoka mtaa wa Sofia mpaka kwa geti la Kenya, ukiuliza nani anajua kompyuta utaletwa kwa kibanda changu cha fotokopi. Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa ameishiwa ya kufundisha, mimi bado nina njaa.

Lakini kwa kuandika, Alungat alinishinda. Ni mama wa kijiji cha Mella, tunamwita Mama Prossy, miaka kumi na mbili anachapa karatasi za malori kwa ofisi ya Ojulong, mbele ya kibanda changu. Panya ya kompyuta hakuwa anaigusa. Kila kitu ni vibonye, vidole vinakimbia kama mvua kwa mabati.

Watu walidhani ni maringo. Mimi pekee nilijua macho yake yanaisha. Daktari wa Tororo alimwambia ni mshipa, haurudi. Alificha, kwa sababu nani ataajiri mchapaji haoni?

Halafu Ojulong akaleta kompyuta za aina nyingine, zile nyembamba, na kijana Paddy aliyezizoea huko Kampala. Alungat akakuja kwangu mikono imelegea.

"Maloba, kibonye changu cha pembeni nikibonyeza, hakifanyi kitu. Kazi yake wamepea kibonye kingine."

"Mama Prossy, hizo zimesoma shule kubwa. Nitazirudisha darasa la tano, tukae nazo."

"Wewe la tano ulifika kwa miguu ama ulibebwa?"

Nilienda saa ya chakula. Ndani ya kompyuta kuna mahali unaambia kibonye hiki kifanye kazi ya kile. Nikapanga kompyuta zote nne zifanane na zile za zamani. Wiki mbili mama alichapa kama kawaida, na mimi nilijisifu mpaka wauza chapati wakanihama.

Sikufikiria Paddy. Vidole vyake navyo vilikuwa na njia yao, na mimi niliiziba. Siku moja Alungat ametoka kunywa chai, Paddy akaketi kwa mashini ya mama, akarudisha vibonye vile anajua, akamaliza kazi yake, akaondoka. Hakuwa na ubaya. Hakujua.

Alungat alikuwa na desturi: anafungua fomu ya jana, anakopi namba ya lori jipya, anaipesti juu ya ile ya zamani, anatuma. Siku hiyo alibonyeza, hakuna kilichobadilika. Mwenye macho angeona. Yeye akatuma.

Lori la nyanya likafika kwa geti na karatasi yenye namba ya lori lingine. Likazuiliwa siku nne kwa jua. Maji mekundu yalitiririka mpaka kwa lami.

Nilikimbia kwa Ojulong. "Bosi, makosa ni yangu, mimi nilichezea vibonye."

"Vibonye sijauliza," akasema. Akafungua ile fomu, akageuza skrini. "Mama Prossy, nisomee namba hapo."

Alungat akasogeza uso. Akataja namba bila kukosea hata moja. Ilikuwa ya lori la nyanya, ile aliyoshika kichwani.

Ojulong hakupiga kelele, ningependa angepiga. "Hapo hakuna namba hiyo, mama," akasema polepole. "Tangu lini?"

Alungat akanyoosha mkono achukue mkoba wake aende. Akaukosa mara ya kwanza, akashika hewa.

Jumapili iliyopita nilimfuata kwao Mella. Nilimkuta anachambua maharage, ungo kwa magoti. Nikamwambia nitazunguka ofisi zote za Busia, nipange kompyuta zote zifanane, mahali popote akiketi vidole vyake vijue njia.

"Na vidole vya Paddy utapeleka wapi?"

Nikaokota maharage mawili yaliyoanguka, nikayarudisha kwa ungo.

"Kaa basi, unisaidie," akasema. "Hayo ya kwa sufuria nimemaliza."

Nikaangalia kwa sufuria. Mawe yalikuwa bado humo, mengi. Nikaanza kuyatoa moja moja, nikiyaweka kwa nyasi ili asisikie.