Uyoga wa Bi Velta na Mgeni wa Siku Mbili

Katika nyumba ya mbao ya mtaa wa Āgenskalns, ng'ambo ya mto kutoka Riga ya watalii, Bi Velta Purmale alikuwa na vitu viwili ambavyo watu walivitaka: chumba cha nyuma chenye dirisha la bustani, na mahali pake pa uyoga. Chumba alikipangisha kwa yeyote mwenye pasipoti na miguu isiyonuka sana. Mahali pa uyoga alikuwa hajamwonyesha mzaliwa yeyote wa nchi ile tangu aoneshwe na mama yake. Na mama huyo alimwonyesha siku aliyodhani anakufa, kisha akapona, akaishi miaka tisa mingine akijuta.

Mumewe, dereva wa tramu, aliishi naye miaka thelathini na mmoja na akazikwa bila kujua. Alipouliza aliambiwa, "Wewe kula." Akala. Alikuwa mtu mwema.

Mambo yaliharibikia gotini. Alipotimiza miaka sitini na minne, goti la kulia la Bi Velta lilikataa kuruka mtaro. Na mahali penyewe pako baada ya mtaro. Ukishuka treni katika kituo ambacho hakitatajwa hapa, unatembea kwanza upande usio wenyewe mpaka wenzako wote walioshuka wametawanyika, ndipo unageuka, unapita misonobari, unapita kibanda kilichoungua, unafika mtaroni. Ng'ambo yake, chini ya misonobari mikubwa, kuna uyoga wenye shina nene na kofia ya kahawia, ule ambao Mlatvia akiuona huacha hata kupumua.

Alihitaji mkono wa kumvusha na mgongo wa kubebea. Lakini mkono wa nani? Mlatvia atakupa damu yake, atakupa funguo za nyumba yake, ukikosa mume atakutafutia. Mwonyeshe mahali pako pa uyoga, na mwaka ujao utamkuta pale alfajiri kabla yako, akikuambia alikuwa anapita tu. Jirani wa juu, Zenta, alikuwa akimwinda kwa miaka ishirini. Mara moja alimfuata hadi kwenye treni akiwa amevaa wigi.

Basi Bi Velta akapata wazo, na akajiona mwerevu kuliko serikali. Atawatumia wageni. Si wale wa kutoka Vilnius au Helsinki, wanaokuja mwisho wa wiki na wanaweza kurudi. Anawataka wasafiri wa mbali, wale waliokatiza mabara, ambao Riga kwao ni siku mbili za kufua soksi kati ya mji na mji. Kabla ya kuwapa ufunguo aliomba kuona tiketi ya kuondokea. Akiridhika, kesho yake anawaambia kuna matembezi ya msituni, bure, na mkate na chai juu yake. Misimu mitatu mpango ulikwenda kama saa. Mbrazili mmoja alibeba vikapu viwili huku akiimba. Dada wawili wa Australia waliogopa kila buibui na wasingeweza kukuonyesha kaskazini hata kwa kutishiwa bastola.

Septemba ya nne akaja Dorino Tavoschi.

Alikuwa Mtaliano wa milimani, miaka arobaini na kitu, mwenye masharubu na mkoba uliochoka. Kiwanda cha jibini alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, naye akaamua kwenda kwa mabasi hadi ncha ya juu kabisa ya Norwei, miezi mitano kwenda na kurudi, kwa sababu hakuna aliyemkataza. Ujanani aliuza aiskrimu Ujerumani, na Bi Velta alifundishwa Kijerumani shuleni na mwalimu aliyewachukia wanafunzi wake, kwa hiyo walielewana.

"Tiketi yako ya kuondoka?" Bi Velta aliuliza mlangoni.

"Keshokutwa, saa tatu asubuhi. Tallinn." Akamwonyesha. "Mama, hata polisi wa mpakani hawakuniuliza hivyo."

"Polisi wa mpakani hawana bustani. Vua viatu."

Kesho yake, badala ya kwenda kutazama paa za mji mkongwe kama binadamu wengine, Dorino alikuwa kwenye treni ya asubuhi na kikapu mapajani. Walitembea upande usio wenyewe. Wakageuka. Mtaroni alimbeba Bi Velta mzima mzima kama gunia la viazi, naye akapiga kelele kwa ajili ya heshima tu.

Ng'ambo, uyoga ulikuwa umejaa. Dorino akasimama. Kisha akaanza kuuliza maswali ya kijinga kupita kiasi.

"Huu wa njano ni sumu?"

"Huo ni chakula, bwana."

"Na huu mwekundu wenye madoa, mzuri huu! Tuupike?"

"Ukitaka kumwona mumeo wa ahera, upike."

"Mimi sina mume, mama."

"Basi nitakuazima wangu. Kata hapa, chini. Usinyofoe."

Bi Velta alifurahi. Mjinga kamili, alijiambia. Mungu amemleta moja kwa moja kutoka kiwandani. Walipomaliza akafunika vikapu kwa majani ya kangaga, na juu ya majani akaweka vipande viwili vya uyoga mbovu wenye funza, ili mpita njia atakayechungulia aone huruma.

Jioni waliukaanga kwa siagi na vitunguu, wakamwagia krimu chachu na majani ya shibiti, wakala na viazi na mkate mweusi. Dorino alikula kimya, kama mtu aliye kanisani. Kisha akatoka kwenda kutupa takataka.

Zenta alikuwa ngazini akimsubiri. Kijerumani chake alikiokota kwa miaka saba ya kuwatunza wazee wa Bremen. Bi Velta alilaza sikio mlangoni.

"Karibu Riga, karibu," Zenta alisema kwa sauti ya asali. "Nimekuokea keki ya tufaha, kaka. Leo mlikwenda wapi?"

"Msituni."

"Ee! Upande gani?"

"Kuna miti, dada. Kwangu mti ni mti."

"Mkapata uyoga?"

Hapo Dorino akashusha pumzi ndefu. "Hakuna kitu. Mbu tu. Wenyeji wanasema mwaka huu umekauka."

Nyuma ya mlango Bi Velta aliziba mdomo asicheke. Ama kweli, huyu kijana ni dhahabu! Alifika jikoni, akashika sufuria kuisugua, na mkono ukamganda ndani ya maji.

Mjinga hajibu hivyo. Mjinga angesema: ndiyo dada, vikapu viwili, tazama picha. Kile kilichosemwa ngazini, ile pumzi, wale mbu, ule mwaka uliokauka, hakifundishwi siku moja. Mama yake Bi Velta alisema maneno hayo hayo maisha yake yote, akiwa na kikapu kinachomkata bega. Yule mtu hakuwa mwuza aiskrimu. Alikuwa mtu wa uyoga, mtoto wa watu wa uyoga, na yeye Velta, mwerevu kuliko serikali, alikuwa amemshika mkono akampeleka hadi chini ya mti.

Asubuhi Dorino alikaa mezani akipaka siagi.

"Bi Velta, nimefikiri. Nitaongeza siku mbili. Mji mzuri huu, na sijaona hata kanisa moja."

"Tallinn wana makanisa."

"Nasikia ya hapa ni marefu zaidi."

"Chumba kina mtu kesho."

"Nilitazama jana mtandaoni. Hakina."

Wakatazamana. Bi Velta akamwongezea chai kwa adabu zote, huku akimtakia kuhara.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri kitanda cha mgeni kilikuwa kimetandikwa vizuri na kikapu cha pili hakikuwepo. Bi Velta alifunga goti kwa kitambaa cha sufu, akachukua fimbo ya marehemu, akapanda treni iliyofuata. Safari hii hakuzunguka upande usio wenyewe. Mtaroni alikaa kitako akateleza, akapita maji hadi kiunoni, akatoka upande wa pili kwa mikono na miguu huku akitukana kwa lugha tatu.

Dorino alikuwa amepiga magoti chini ya msonobari ule ule. Kikapu kilikuwa kimejaa na juu yake pametandazwa kangaga.

"Umepata?" Bi Velta aliuliza nyuma yake.

"Hakuna ki..." Mdomo ulianza wenyewe. Akageuka, akamwona alivyolowa, akafumba macho.

"Haya! Kanisa lako liko wapi? Hili? Umekuja kuungama?"

"Mama, nisikilize."

"Mama yako yuko Italia! Mimi ni mjinga aliyekubeba."

"Mimi ndiye niliyekubeba."

Akapigwa fimbo ya bega, si kwa nguvu. Akaipokea kwa haki.

"Nilijaribu kuondoka," Dorino alisema. "Wallahi nilijaribu. Nilipanga mkoba. Lakini ningekuwa Tallinn nikitazama minara huku huu unaota hapa bila mtu? Wewe ungeweza?"

Bi Velta akaishusha fimbo, kwa kuwa naye asingeweza.

"Mwakani utarudi," alisema baadaye, na sauti ikamshuka. "Au utamwambia mtu. Au utalewa huko Norwei uchore ramani mezani. Mimi sina kitu kingine, bwana. Nyumba ni ya kupanga, binti yuko Dublin anakula uyoga wa kopo. Hapa ndipo pangu."

Dorino alikaa chini kando ya kikapu.

"Nitakupa pangu," alisema.

"Nini?"

"Mahali pa bibi yangu. Kaka yangu hapajui. Ukinisema wewe, nakusema mimi. Nikikutunzia, unanitunzia." Alitoa mfuko wa karatasi wa mkate na kalamu. Alianza mara mbili. Kijiji, kanisa dogo lisilo na paa, kijito cha tatu, mwamba kama mgongo wa nguruwe. Alipomaliza aliushika mfuko kwa muda kabla ya kuuachia.

Bi Velta akaukunja, akautia ndani ya sidiria. Kisha wakakata uyoga uliobaki, maana hasira ni hasira lakini baraka haiachwi ioze. Mchana Dorino akapanda basi la Tallinn.

Wiki moja Bi Velta alilala vizuri. Ya pili akiwa anamenya viazi lilimjia swali: ningekuwa mimi, ningeandika ukweli? Hakuhitaji kufikiri. Angemtuma mtu yule kwenye kinamasi, tena chenye nyoka. Kwa nini Mtaliano awe mtakatifu kuliko yeye? Na kama mfuko ni uongo, basi pake pa Riga hapana ulinzi wowote.

Mwanamke aliyepokea wasafiri wa dunia kwa miaka kumi, na mwenyewe hajavuka Lithuania, akanunua tiketi ya Italia, ya siku tatu.

"Unakwenda wapi?" Zenta aliuliza, akikabidhiwa maua ya kumwagilia.

"Kupumzika."

"Wewe? Upumzike nini?"

"Kukuona."

Ilikuwa ndege moja, treni moja na mabasi mawili. Alilala katika nyumba ya mjane aliyemwomba avue viatu. Asubuhi alipanda mlima akijivuta kwa fimbo. Kanisa lisilo na paa lilikuwepo. Kijito cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mwamba wa mgongo wa nguruwe. Na chini ya mwamba, katikati ya majani makavu, kofia za kahawia, kubwa kama sahani za supu, moja, nne, kumi na moja, akaacha kuhesabu. Alikaa juu ya kisiki akiwa ameudhika kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa mwongo, na sasa hakujua pa kuipeleka hasira. Ndipo akakata, akajaza kikapu.

Bondeni, kwenye kituo cha basi, bwana msitu mwenye sare ya kijani alimsimamisha. Alionyesha kikapu, akanyoosha kiganja kuuliza kibali. Bi Velta hakuwa na kibali. Hakujua kwamba kuna nchi inayotoa vibali vya uyoga, na akajizuia kumpa maoni yake kuhusu nchi hiyo. Bwana msitu alitoa kijitabu cha faini. Kisha akafunua kangaga kwa kidole kimoja, akaona kilichomo, na kijitabu kikashuka polepole.

Alitazama kulia na kushoto. Akainama.

"Wo?" alinong'ona, kwa Kijerumani cha watalii. Wapi?

Faini ilikuwa bado haijaandikwa. Macho ya mtu yule yalikuwa laini, ya kuombaomba, na kalamu ilikuwa imeshaanza kurudi mfukoni. Neno moja tu, kidole kimoja kuelekea kanisa lile, na angerudi Riga na kikapu chake bila kulipa hata senti.

Bi Velta akawaza juu ya Dorino, huko juu kwenye theluji, amezungukwa na watu wenye chupa na meza ya kuchorea ramani.

Akanyoosha fimbo ng'ambo ya bonde, kwenye mlima mwingine kabisa, ule mrefu wenye miamba mitupu. "Dort," alisema. Kule. "Juu kabisa. Mbali sana."

Bwana msitu alimwandikia faini hata hivyo, maana kazi ni kazi, akachukua na kikapu. Kisha akakaza kamba za viatu vyake na kuanza kuupanda ule mlima kwa haraka, bila kutazama nyuma.