Mnyoo Chini ya Samaki wa Mpira

Sifa zote njema namrudishia Mola wangu, anayetoa kabla hajaombwa na anayetwaa bila kudhulumu. Amenipa umri, amenipa mume mwema kwa zaidi ya miaka arobaini, kisha akamchukua alipotaka. Kwa kupewa nashukuru. Kwa kuchukuliwa nashukuru pia, ingawa shukrani hii ya pili hutoka kooni kwa shida, na Yeye analijua hilo kabla sijalisema.

Mume wangu aliendesha mabasi ya London mpaka alipostaafu. Tulikaa Walthamstow, nami ningali hapo, katika nyumba ileile ambayo sebule yake nimeifanya chuo cha kuwasomesha watoto Kurani. Alipostaafu nilihofia atashinda kwenye kochi kama wenzake, akiugulia mgongo. Haukupita mwezi akaja na mfuko mrefu begani, akaniambia amepata kazi mpya. Kazi yenyewe ilikuwa kuvua samaki wa mto Lea kwa chambo bandia.

Samaki aliyemtaka ni mmoja tu. Ana mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu tumboni, na pezi la mgongoni lenye miiba kama chanuo. Wenyeji wana jina lao, sisi tulimwita sangara wa mistari. Mume wangu alijifunza kwa kuangalia video za Wamarekani kwenye simu, wanaovua samaki wao mkubwa wa maziwa aitwaye besi. Huku besi hayupo, lakini alisema tabia ni zilezile: wote wawili hujificha, huvizia, na hukasirika upesi.

Ijumaa jioni alikuwa akimwaga vyambo vyake juu ya meza ya kulia. Samaki wadogo wa mpira wenye mikia inayotikisika, vibati vinavyozunguka na kumeta, samaki wa plastiki wenye ulimi mbele unaowazamisha wanapovutwa.

"Madudu yako haya yametapakaa mpaka kwenye sahani ya maandazi," nilimwambia siku moja.

"Mwalimu, kaa kitako nikusomeshe. Leo weye ndiye mtoto wa chuo."

"Na nikikosea utanichapa?"

"Nitakuandikia ubao mpya."

Nikakaa. Akanisomesha, nami nilisikiliza zaidi kwa kumpenda yeye kuliko kuwapenda samaki. Maji yakichafuka kwa mvua, chagua rangi kali, njano au chungwa, ili samaki aone kitu kinapita. Maji yakiwa safi, chagua rangi ya haya, kahawia au kijivu, kwani anaona vizuri na atakushuku. Joto likiwapo, tupa kibati na uvute mbiombio. Baridi ikiingia, samaki hupoa pamoja na maji yake. Basi chambo kiwe kidogo, kikae karibu na chini, kitikisike bila kwenda mbali. Kwa hilo alifunga chubwi, kile kizito cha kuzamishia, mwisho wa mshipi, na ndoana shubiri mbili juu yake, samaki wa mpira akawa kama amesimama majini anatafakari. Alitupa karibu na nguzo za daraja na ubavuni mwa mashua za watu wanaoishi mtoni, palipo na kivuli.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mnyoo kama watu wengine, amalize mapema arudi nyumbani.

"Mnyoo ni chakula," akasema. "Utamkaribisha mtu kula, akija umtie ndoana ya koo? Huyu wangu wa mpira simpi samaki kwa ajili ya njaa. Namchokoza tu. Akitaka anapiga, asipotaka anapita."

"Na kumhadaa je?"

"Hadaa ipo. Lakini simwendei kupitia tumboni mwake."

Nilimpinga. Nilimwambia kuumiza kiumbe kwa mchezo si jambo dogo mbele ya aliyemuumba. Tukabishana Ijumaa tatu. Mwisho akaubana mwiba wa kila ndoana kwa koleo ili itoke bila kurarua, akaahidi kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na kumrudisha majini kabla hajamaliza kusoma Fatiha moja. Hapo nikamkubalia. Kuna jambo jingine alilonieleza ambalo ningelikumbuka, haya yote yasingetokea: samaki akipiga mpira huugundua papo hapo, hivyo ndoana humshika mdomoni, akipata mnyoo humeza, na ndoana humfika ndani. Ndiyo maana kwa miaka miwili hakuna samaki aliyemfia mikononi.

Kisha kiharusi kikampiga, asubuhi, akiwa anavaa soksi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakaondoka. Hakuweza kusema chai, hakuweza kusema jina langu. Kilichobaki ni sala. Akianza kusoma alisoma sawasawa kama alivyosomeshwa utotoni, akimaliza ulimi unafungika tena. Madaktari walisema hutokea hivyo. Mimi niliona ni rehema, nikasujudu.

Miezi ikapita. Siku moja ya vuli alinishika mkono kwa kushoto kwake, akanivuta mpaka kwenye kabati chini ya ngazi, akaugonga ule mfuko mrefu. Nikaelewa.

Binti yetu ni muuguzi, anakaa kusini mwa jiji, huko Lewisham, na Jumamosi huja kutusaidia. Yeye ndiye aliyekuwa akitupeleka kwa gari na kukisukuma kiti cha magurudumu mpaka ukingoni, kisha akienda sokoni kununua mahitaji. Tukabaki wawili. Nilimfungulia sanduku mapajani. Alitazama maji kwanza, muda mrefu, halafu akanyoosha kidole cha kushoto: huyu. Nikitoa mwingine kwa kukosea, alinisukuma mkono. Mimi nilifunga, mimi nilitupa, naye alishika ufito wa kuvulia kwa mkono wake mmoja, nikasimama nyuma yake nikizungusha gurudumu la mshipi pale alipotikisa kichwa kunipa ishara. Watu wawili tukawa mvuvi mmoja, na huyo mmoja hakuwa hodari sana.

Jumamosi tano tulirudi mikono mitupu. Ya kwanza alitabasamu. Ya tano hakutaka kuvuliwa koti. Akaanza kukataa mazoezi ya mkono, na chakula akawa anakisogeza pembeni. Jikoni binti yangu aliniambia, kwa Kiingereza, maana waliozaliwa hapa husikia kwetu na kujibu kwao, kwamba baba anahitaji kushinda japo mara moja, la sivyo atakata tamaa.

Neno hilo lilinikaa wiki nzima. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusubiri, nikashindwa kusubiri. Alhamisi nikainua vyungu vya maua nyuma ya nyumba, nikachukua minyoo mitatu, nikaitia kwenye kikopo cha mtindi pamoja na udongo, nikakificha mkobani karibu na tasbihi yangu.

Jumamosi ile maji yalikuwa yametulia na kusafika. Mume wangu aliyatazama, akachagua samaki wa mpira wa rangi ya kahawia, mdogo kama kidole, na akanionyesha mahali: pembeni ya mashua ya kijani, chini ya mti ulioinama. Nikatupa mara tatu. Hapana kitu.

"Fundo limelegea, bwana," nikamwambia. "Ngoja nilikaze."

Fundo halikuwa limelegea. Nikampa mgongo, nikachukua mnyoo mmoja na kumchomeka kwenye ndoana chini ya yule samaki wa mpira, mkia wa mnyoo ukijificha chini ya tumbo la mpira. Nikatupa palepale.

Ufito ukagutuka mara moja, ukagutuka tena, halafu ukapinda. Laiti ungaliuona uso wake! Kinywa kilichopinda kwa ugonjwa kilinyooka. Alitoa sauti kifuani ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku binti yetu alipozaliwa. Nikazungusha, naye akauinua ufito kwa mkono wake mmoja, na sangara akatoka majini, mnene, mapezi yamewaka. Mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa kwenye mashua akapiga makofi, akatupa hongera.

Nikalowesha mikono kama nilivyomwona akifanya. Lakini mdomoni mwa samaki hapakuwa na ndoana. Mshipi ulikuwa umeingia ndani kabisa, na kwenye mashavu yake palikuwa na damu. Nilijaribu kwa koleo, nikazidi kumwumiza. Pembeni ya mdomo kikatokeza kipande cha mnyoo.

Mume wangu alikiona. Akanitazama, akautazama mkoba wangu, akanitazama tena. Sijapata kutazamwa hivyo. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu anayempisha mgeni njiani. Kisha akauweka ufito chini polepole, akaweka mkono wake mzima juu ya ule uliokufa, akageuza uso.

Nilimrudisha samaki majini. Akalala ubavu. Nikamsukuma kwa vidole, akageuka tumbo juu. Basi nikamtwaa, kwa kuwa kumtupa ilikuwa israfu, nikampeleka nyumbani, nikampika kwa nazi na ndimu jinsi apendavyo.

"Samaki ameshakufa, bwana," nikamwambia nikiwa na kijiko mkononi. "Kula japo kidogo. Ni riziki."

Akafunga mdomo. Binti yangu, ambaye sikumwambia lolote, akamtania kwa Kiingereza chake: "Baba, umevua mwenyewe halafu unaringa?"

Machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima. Nikaenda jikoni nikalia ndani ya taulo ya vyombo.

Kwetu mke hajui kulala raha bila radhi ya mumewe, na mume vivyo hivyo kwa mkewe. Nilisomesha jambo hilo kwa wanawake wengi, nikilieleza kwa urahisi. Siku ile nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamweleza yote: minyoo, kikopo, uongo wa fundo. "Nilitaka ufurahi. Nimekukosea. Niwie radhi." Hakunitazama. Kesho yake nikaomba tena. Kesho kutwa tena. Nilimkogesha, nikamlisha, nikamvisha, naye alikubali kila kitu kwa upole, akaniacha bila jibu. Nikaanza kuogopa kwamba atakufa nami sijapata radhi yake. Nilijiuliza pia, kama amenisamehe, atanijulisha kwa neno gani mtu asiye na neno?

Siku ya saba, Ijumaa, tulisali alasiri, yeye kwenye kiti, mimi nyuma yake kwenye mkeka. Baada ya salamu akanyoosha mkono wa kushoto nyuma na kuuchezesha vidole. Nikaenda mbele yake nikakaa chini. Akaushika mkono wake wa kulia, ule mfu, akaunyanyua kwa mkono wa kushoto kama mtu anavyonyanyua mtoto aliyelala, akauweka juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito na wa baridi. Angeweza kutumia ule mzima. Alitaka baraka itoke kuliani. Akasoma Fatiha, mwanzo hadi mwisho, bila kujikwaa. Nami nikaitikia amin, nikabaki hapo mpaka mkono ulipoteleza wenyewe begani.

Jumamosi nne zaidi tulikwenda mtoni. Nilimfungulia sanduku, alitazama maji, alichagua, nikafunga alichochagua na si kingine. Mara rangi ya kijivu, mara nyeupe ndogo sana kwa ajili ya baridi. Tulitikisa chambo polepole karibu na chini, kama alivyonisomesha mezani. Hatukupata samaki hata mmoja. Hakuonekana kuhuzunika. Alikuwa anatazama maji tu, na mara mojamoja anatikisa kichwa nami nazungusha. Januari, baada ya sala ya alfajiri, aliniegemea nikimpa maji, na roho ikarudi kwa Mwenyewe.

Wanawake waliokuja kunipa pole waliniambia, "Shoga, una radhi ya mumeo. Unataka nini tena?" Kweli ninayo. Alhamdulillahi, sitabadilisha kwa dunia yote.

Ila huwa nafikiri hivi. Samaki yule alikuwa pale. Pembeni ya mashua ya kijani, chini ya mti ulioinama, mahali palepale aliponionyesha. Maji yalikuwa safi naye alichagua rangi inayofaa maji safi. Mahali alipatia. Chambo alipatia. Nilitupa mara tatu tu. Huenda mara ya nne, au ya kumi, sangara angeupiga mpira, na mume wangu angemshinda kwa elimu yake mwenyewe, kwa mkono wake mmoja, amwachie aende zake akiwa mzima. Huenda asingeupiga. Hilo sitalijua, wala yeye hakulijua. Nilikimbilia kumpa alichokuwa karibu kukipata, au asichoandikiwa kukipata, na kwa vyovyote nilimnyima kukingoja. Ndicho kinachokiuma kifua changu kila Jumamosi, nami nakivumilia, maana kuvumilia ndilo jambo lililobaki kwangu kulifanya sawasawa.

Ewe uliyenisoma, Mola akutunzie unaowapenda, akupe moyo wa kuwaacha wajaribu wenyewe hata wakishindwa, akupe radhi zao mngali mnaonana, na akuandalie riziki ya halali mlangoni pako. Amin.