Nilivyoangusha lenzi wiki ya harusi ya mdogo wangu, Bariadi

Wakuu habari za humu. Leo naleta ya kwangu mwenyewe, chumvi sijatia. Mkinicheka nimeshazoea, nyumbani walianza zamani.

Miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu huku Bariadi, niliuza yangu nikanunua kamera used. Form four leaver, mtu wa nyumbani, kufika sokoni tu naaga kama naenda Ulaya.

Mdogo wangu Kabula akapata mchumba. Mama alitaka kuita mpiga picha wa mjini, nikamzuia. Nikasema picha zote niachieni mimi.

Wiki ya harusi nikaifungua lenzi niifute. Ikaniponyoka.

Nyumba nzima imejaa pamba mpaka tunalala juu yake. Lenzi ikachagua jiwe la kusagia.

Kioo kilipona, ila pete ya focus ilipinda, haizunguki. Nikadandia lori la pamba hadi Maswa kwa fundi saa (safari hiyo bado naisimulia). Akanyoosha alichoweza, akaniambia, "Nikiilazimisha itakatika. Naifunga isimame hapo hapo. Kuna umbali mmoja tu itatoa picha safi, huo utautafuta mwenyewe."

Shida, ile kamera ukichungulia unaona kila kitu safi, hata kama picha itatoka ukungu.

Sikukubali. Kabla ya kuweka film nikafungua mgongo wa kamera, nikabandika kipande cha nailoni nyeupe pale inapokaa film, nikaiacha shata wazi mwanga upite, nikajifunika shuka, nikamsimamisha mama juani. Rudi nyuma mama. Sogea. Rudi tena.

"Baba, hata mnadani ng'ombe hawasumbuliwi hivi," akasema.

Maandishi ya kanga yake yakatokea kwenye nailoni, kichwa chini lakini yanasomeka. Nikamwambia asitikisike. Nikachukua kamba ya ndama, nikaikata kwa urefu wa kutoka kidevuni kwake hadi kwenye kamera.

Siku ya harusi kila mtu alishika ncha moja kidevuni, mimi nyingine kwenye kamera. Ikikaza anaachia, napiga.

Zamu ya Kabula. Mnajua bibi harusi wa enzi zile: macho chini, uso wa msiba. Ukicheka wanasema umefurahi kukimbia kwenu. Shangazi alikaa pembeni kumlinda.

Kabula akaiweka kamba kidevuni. Mjomba wa bwana harusi akasema, "Ng'ombe tumeshatoa, mbona bado mnamfunga?"

Kabula akacheka mpaka magego. Nikapiga.

Shangazi akaniambia nimemharibia mtoto harusi yake. Mimi nilikuwa nawaza kama kamba ilikaza.

Film ikaenda Mwanza kusafishwa. Picha ziliporudi, nyingine ukungu mtupu. Ile ya kicheko, shanga za shingoni zinahesabika. Shangazi akataka ichanwe.

Kabula alipokuja kutusalimia aliziangalia zote, akachukua hiyo peke yake, akaenda kuitundika sebuleni kwa mumewe.

Nilichojifunza: kitu kikiharibika tengeneza kinachotengenezeka, kilichobaki jipange nacho. Na lenzi ifutwe umekaa chini.

Haya, wenye picha za harusi za zamani: bibi harusi wenu alicheka au alinuna? Na majirani zetu wa Mwanhuzi msijifiche, najua mmesoma mpaka hapa.