Udongo wa Zizini

Waliomfahamu Yuditha, mke wa Ebenezeri wa Old Moshi, walimfahamu kwanza kwa shingo yake. Ililala upande kidogo, na iliyoilaza ni mizigo ya majani. Tangu alipoolewa alikuwa akishuka nyika alfajiri na panga na kamba, akate majani ya ng'ombe, kisha aupande mlima na mzigo uliomfunika hata uso. Ng'ombe akishakula, mabaki akayalalia, ni Yuditha tena wa kuzoa samadi na kuibeba kwa kikapu hadi migombani. Mwanamume abebe kinyesi? Thubutu. Wanaume walikuwa na kahawa yao na vikao vyao. Ndizi, maziwa na kinyesi vilikuwa mambo ya wanawake.

Na ng'ombe mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa Filemon, kaka mkubwa wa Ebenezeri. Ndiyo desturi ya kule: mwenye ng'ombe wengi humpeleka mmoja kwa ndugu amfugie. Ndama ni wa mwenye mali, lakini maziwa na samadi ni vya mfugaji. Basi yule ng'ombe mwekundu aliishi humo humo ndani ya nyumba, upande wa kushoto wa mlango, boriti moja tu ikimtenga na kitanda cha Yuditha. Alikojoa hapo na kulala hapo miaka mingi, hata udongo wa zizi ukawa mweusi, laini, unaonuka. Kihamba chao, yaani shamba lile la urithi linalozunguka nyumba, kilikuwa kinashiba. Mikungu ya ndizi mshare ilikuwa mirefu mpaka watoto wa jirani walijificha nyuma yake.

Miaka ya hamsini ilipoanza, bado ni enzi ya Mwingereza, bei ya kahawa ikapanda na watu wakapandwa na wazimu. Chama cha kahawa kikaleta magunia ya mbolea ya chumvichumvi, nyeupe, safi, haina harufu wala haihitaji kukatiwa majani. Bwana shamba alikuja kuwaeleza. Alikuwa kijana mpole mwenye soksi ndefu, na maneno yake yalikuwa machache: "Hii ni nyongeza, wazee. Iweke juu ya samadi, wala si mahali pa samadi. Na isikaribie shina."

Haya, sikio la mtu husikia linalopenda. Ebenezeri alisikia kwamba mbolea imefika. Yuditha, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanaume na mzigo wake kichwani, alisikia kwamba siku za majani zimekwisha.

"Mama Eliamini," mumewe alimwambia jioni ile, "ukitaka, ng'ombe tumrudishie kaka. Upumzike."

Tumseme ukweli Yuditha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kujificha: hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Asubuhi alimfungua ng'ombe kamba kwa mikono yake, akampeleka kwa Filemon, akarudi anaimba wimbo wa kanisani. Wiki ile yote alichelewa kuamka. Shingo ikampoa. Ni nani atakayemlaumu? Mwenye kumlaumu na abebe kwanza mzigo mmoja kutoka nyika mpaka Old Moshi, halafu tuongee.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa raha. Kahawa ilikoza majani, ikazaa mpaka matawi yakainama. Migomba nayo ilirefuka upesi, na Yuditha akaimwagia ile chumvichumvi shinani kabisa, ili isipotee. Mwaka wa pili majani ya migomba yaliungua kingo. Udongo, usiokuwa tena na mabaki ya zizi ya kuufunika, ukakauka ukawa mgumu, jembe likigonga linarudi. Wa tatu, migomba ilianza kuanguka. Upepo mdogo tu, chini. Ukiuangalia mzizi unakuta fukusi wamekwisha kuula. Mikungu iliyobaki ilikuwa na vidole vyembamba, vigumu, vya kumpa mbuzi. Ebenezeri aliongeza mbolea. Migomba ikaanguka zaidi.

Hapo ndipo Martha, mke wa mwanawe Eliamini, alipopata mimba.

Eliamini alikuwa akifanya kazi mjini Moshi, na mkewe alikaa kwa wakwe, kama ilivyo ada. Mjamzito akijifungua huwekwa ndani miezi mitatu, na mama mkwe ndiye anayemlisha: mtori wa ndizi na nyama, maziwa, ndizi za kihamba cha baba wa mtoto. Si ndizi yoyote tu. Mtoto anakula kihamba chake kwa ziwa la mama yake, ndivyo wazee walivyosema. Nyumba ikishindwa kulisha mzazi wake, mama wa binti ana haki ya kuja kumchukua, yeye na mtoto. Aibu hiyo mtu hufa nayo.

Yuditha alihesabu mimba ya Martha na kuhesabu migomba yake, akaona maji yamefika shingoni. Alichuma jani la sale kwenye ua wa mpaka, akalifunga fundo, akaenda kwa Filemon. Kule kwao anayekujia na jani la sale huwezi kumnyima msamaha, hata kama amekuulia ndugu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Jani la nini, Yuditha? Hujanikosea kitu."

"Nimekukosea. Ng'ombe wako nilimfungua mimi mwenyewe. Nilichoka, shemeji. Sasa migomba inakufa na mke wa mtoto anakaribia kujifungua. Nirudishie."

Filemon alilipokea jani kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ng'ombe yuko kwa ndugu yetu Yakobo. Mke wa Yakobo anamkatia majani kila siku ya Mungu. Nikamnyang'anye kwa kosa gani?"

"Hata vikapu viwili vya samadi tu?"

"Samadi ni yake, si yangu. Unalijua hilo kuliko mimi. Kamwombe."

Alilijua. Moto unaombwa, chumvi inaombwa, hata nguo ya kwendea harusini. Samadi haiombwi, maana anayekupa samadi amekupa chakula chake cha mwakani. Hata hivyo alikwenda. Alimkuta mke wa Yakobo anazoa zizi, na yule mwekundu amesimama nyuma, mnene, akimwangalia. Harufu ilimpiga Yuditha usoni mpaka machozi yakamlenga.

"Karibu, mama Eliamini. Una shida gani?"

Yuditha alishindwa kuitaja samadi. Akaomba kaa la moto. Nyumbani kwake mwenyewe moto ulikuwa unawaka tangu asubuhi. Kaa lile lilimfia njiani, akalitupa mferejini, akaenda zake nyumbani.

Martha alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa mvua. Majuto ni mjukuu, husema watu, na Yuditha aliyapata yote mawili pamoja. Kila siku ya soko alishuka Kiboriloni kwa siri, akanunua ndizi, akazipitisha nyuma ya nyumba chini ya kanga. Zilikuwa ndizi za kukatwa mapema, zimesafirishwa, zimesinyaa. Martha alizila bila neno, akamshukuru mama mkwe kila sahani. Lakini ziwa halikujaa. Mtoto alilia, akanyonya, akalia tena, na kila alipolia Yuditha alitoka nje akasimama katikati ya migomba iliyolala.

Siku ya mvua kubwa mama yake Martha akaja kumwona mjukuu. Alimbeba mtoto, akampima kwa mikono, akakaa naye kidogo. Kisha akaenda migombani, peke yake, akarudi miguu imejaa tope.

"Mkwe," alimwambia Yuditha, taratibu kabisa, "sikuja kugombana. Wewe ni mwanamke mwema, mtoto wangu ameniambia. Lakini huyu mtoto ana njaa."

"Nipe mwezi mmoja, mkwe."

"Mgomba hauzai kwa mwezi. Wewe na mimi tunajua."

Martha alifungwa shuka, mtoto akafunikwa jani la mgomba asilowe, wakapanda njia ya juu kwenda kwao. Ebenezeri alikuwa kwenye kikao cha kahawa. Aliporudi alikuta kitanda cha mzazi kitupu.

Jumamosi Eliamini akapanda kutoka Moshi. Yuditha alimwona kwa mbali, akatoka hadi kwenye ua wa sale. Mwanawe alikuwa na mkungu wa ndizi begani, mzuri, wa kununua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita basi."

"Nikirudi, mama. Nawahi kumwona mtoto." Akapita.

Yuditha alimfuata kwa macho mpaka njia ikamficha. Alisimama hapo. Kahawa ilikuwa nyekundu pande zote, imezaa kupita kiasi, wala hakuna wa kuila. Kisha akaingia ndani, akachukua jembe, akaondoa boriti ya zizi, akaanza kuchimba sakafu.

Ebenezeri alisikia kishindo akaja mbio. "Mama Eliamini! Unabomoa nyumba?"

"Nyumba imekwisha kubomoka, baba Eliamini. Nachimba alichotuachia ng'ombe."

Udongo ulitoka mweusi, una harufu ile ile. Alijaza kikapu, akajaribu kukiinua, shingo ikakataa. Akajaribu tena. Ebenezeri alisimama mlangoni, akatazama njia, ambako watu walikuwa wakitoka sokoni. Halafu akainama, akakichukua kikapu, akakitia kichwani mwake.

"Wapi?" akauliza.

"Ule mgomba wa karibu na mlango. Una chipukizi moja."

Alipita nacho mbele za watu, udongo mweusi ukimchuruzika shingoni. Aliporudi kujaza cha pili alikuwa ameshika na kopo la mbolea nyeupe, amelishika tu, hajui alifanyie nini. Yuditha alilitazama.

"Kiganja kimoja," akamwambia. "Juu ya hii. Na mbali na shina."