Kigari cha marehemu kimenibana ukutani

Jumanne, huku Ndau.

Dada Mwanaisha, na nyote mnaonisoma,

leo nimebanwa ukutani na roboti ya mume wangu.

Ni kigari cha kubebea mitungi ya maji. Mota zake zinakula umeme mwingi, lakini marehemu alikataa kununua kidhibiti cha kuziongoza. Alikiunda mwenyewe, mimi nikimshikia tochi.

Transista ya kidhibiti hicho, ile inayopitisha na kukata umeme, iliungua, leo nikaibadilisha.

Nikawasha. Kigari kikanijia kwa nguvu zote, na hakizimiki!

Fundi jirani akasikia ukelele wangu. Lakini nimo kwenye eda, mwanamume wa nje haingii.

"Bi Zaituni, chomoa betri!" akaita mlangoni.

"Siifikii, Bwana Omari!"

"Basi namleta mke wangu. Usiondoke!"

Niondoke niende wapi, jamani?

Mkewe akaingia akicheka, akachomoa.

Fundi, bado yuko mlangoni, akaniambia polepole, "Nunua kidhibiti cha dukani. Hiki kitakuumiza."

Nimeagiza. Kinakuja na boti Alhamisi.

Ila kukitoa cha marehemu, kila waya ameupinda kwa vidole vyake, mkono wangu umekataa.

Nyinyi mngekitoa?

Mkiswali Alasiri, tukumbukeni, mimi na yeye.