Kufuli Langu Kwenye Pampu ya Chila

Kufuli langu nililikuta sakafuni, limekatwa kwa grainda, mashine ya kukatia chuma. Nilikuwa nimetoka getini kumnyonyesha mwanangu Nasra, dakika ishirini tu, ufunguo nimeuchomeka kwenye sidiria kama kawaida yangu. Narudi, pampu inanguruma, maji yamejaa chumba cha mitambo, na fundi mwenzangu Mzee Bakari ameketi chini ameegemea ukuta, mkono wa kulia ameuzungushia kofia yake. Kofia ilikuwa nyeupe asubuhi.

Msimamizi wa mitambo amesimama mlangoni.

"Mama Nasra, hapa ni kiwandani au kliniki? Unafunga pampu halafu unaondoka na ufunguo?"

"Zima pampu kwanza," nikamwambia. "Halafu uniambie nani kakuruhusu kugusa kufuli langu."

Akacheka. Miezi minane nilikuwa nameza maneno yake. Kile kicheko sikukimeza. Nilizima pampu mwenyewe, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba safari hii nitamshtaki kwa maandishi.

Naandika haya kwa nyinyi mnaotoka vyuo vya ufundi mkiambiwa kazi ya mitambo ya baridi ni kukaa kwenye ubaridi. Mimi nimeifanya miaka sita na nitawaeleza ilivyo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Lindi mjini, kwenye kiwanda cha kugandisha samaki. Fundi mkuu wa pale, mzee mkavu asiyependa salamu ndefu, alipokea shikamoo yangu, akanipa tochi.

"Angalia kile kioo kidogo. Unaona nini?"

"Oili."

"Imefika wapi?"

"Katikati."

"Ina povu?"

"Haina."

"Basi umeanza kazi."

Chila ni mtambo mkubwa wa kupoza maji. Kompresa inakandamiza gesi, gesi inatoka ikiwa ya moto, inaingia kwenye kondensa, pipa refu la chuma lenye mamia ya mirija ndani. Maji ya kupozea yanasukumwa na pampu ndani ya mirija, yanabeba lile joto mpaka kwenye mnara nje, feni inayapuliza, yanarudi. Wengi wanafikiri hapo ndipo kazi ilipo. Fundi mkuu alitufundisha kwamba uhai wa chila ni oili. Beringi za kompresa zinazunguka kwa kasi ya kutisha, kilichopo kati ya chuma na chuma ni utando wa oili tu. Mtambo ukisimama, oili ikipoa, inafyonza gesi kama kitambaa kinavyofyonza maji. Ukiwasha, gesi inachemka, oili inakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Ndiyo maana kuna hita ya kupasha joto chini ya tangi la oili, na hita hiyo haizimwi hata mtambo ukilala wiki nzima.

Na kufuli. Kila anayeingiza mkono kwenye mtambo anaweka kufuli lake kwenye swichi, na kibandiko chenye jina. Ukishafunga, unajaribu kuwasha, uhakikishe haiwaki. Ufunguo haushikwi na mtu mwingine, hata bosi. "Ukikatika mkono," alisema fundi mkuu, "mimi ndiye nitakayekaa ukumbini kwa mama yako kutafuta maneno. Sitaki safari hiyo."

Nilipoolewa mjini Masoko nikahamia kiwanda cha pweza cha huku. Hapo nikakutana na Msimamizi. Wiki ya kwanza nikakuta hita ya oili imezimwa tangu Alhamisi jioni.

"Mtambo umelala Ijumaa nzima, hita ya nini?" akaniuliza. "Unampikia nani chai?"

Jumamosi chila ikawashwa, oili ikawa povu. Ilipiga kelele kama mtu anasaga kokoto. Niliandika kwenye daftari la mitambo. Akachana ukurasa.

Maji yetu ya kisima yana chumvi na chokaa. Kila baada ya miezi mitatu lazima tufungue kondensa, tusugue mirija kwa brashi ndefu, la sivyo joto halitoki na mtambo unajizima wenyewe. Siku ile ya kufuli kukatwa tulifungua mimi na Mzee Bakari, mtu wa Kinjumbi, mpole, anayeniita mwanangu. Kifuniko cha chuma tulikining'iniza kwa winchi ya mnyororo. Vali ya kuzuia maji ilikuwa mbovu, haifungi mpaka mwisho. Tumeiandika mara tatu. Kwa hiyo kilichokuwa kinatulinda ni kufuli la pampu peke yake.

Nikamwambia, "Mzee, weka na lako."

"La kwako linatosha, mwanangu. Mimi na wewe si kitu kimoja?"

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, na silifichi. Nilimheshimu pale ambapo nilitakiwa kumlazimisha. Kama lake lingekuwepo, Msimamizi angejua kuna mtu wa pili ndani.

Mzigo wa pweza kutoka kisiwa cha Songo Songo ulikuwa unakaribia bandarini na barafu hakuna. Mzee Bakari nilimwacha akisugua mirija. Msimamizi aliniona nikielekea getini, akadhani tumemaliza, akakata kufuli, akawasha. Kutoka chumba cha swichi mpaka kwenye kondensa ni hatua kumi. Hakuzitembea. Maji yalitoka kwa nguvu, yakakisukuma kifuniko, kifuniko kikarudi kwenye ukingo wa pipa, na mkono wa Mzee Bakari ulikuwa hapo. Vidole viwili vilikatwa hospitali jioni ile.

Kesho yake daftari limeandikwa: *Fundi Bakari aliteleza kwenye maji. Pampu haikuwa na kufuli.* Msimamizi akaniletea kalamu.

"Saini, Mama Nasra, yaishe. Una mtoto mdogo wewe."

Sikusaini. Nilikwenda kumwona Mzee Bakari wodini. Aliniuliza tu, "Wameandika niliteleza?" Nikamjibu ndiyo. Akageukia ukutani.

Jumatatu nilipanda basi na Nasra mgongoni mpaka Lindi, nikagongesha muhuri barua hii kwenye ofisi ya serikali inayosimamia usalama kazini, nakala moja nikarudi nayo:

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MSIMAMIZI WA MITAMBO*

*Mimi ni fundi wa chila katika kiwanda cha pweza cha Masoko. Ninalalamika kwamba Msimamizi alikata kufuli langu la usalama, akawasha pampu bila kukagua, na Fundi Bakari akapoteza vidole viwili. Maelezo yaliyomo kwenye daftari la mitambo ni ya uongo. Kosa langu ni kumwacha mwenzangu afanye kazi bila kufuli lake, na niko tayari kuulizwa kwa hilo. Naomba mtambo ukaguliwe kabla haujafunguliwa tena. Naomba ukurasa ule usahihishwe, uandikwe kwamba Bakari hakuteleza.*