Kaka Yangu, Mbebaji wa Ghalani

Kaka yangu ndiye aliyeniingiza ghalani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, naye alikuwa mbebaji wa siku nyingi katika ghala moja la kahawa, upande wa viwandani hapa Arusha. Asubuhi ya kwanza alinitandikia gunia tupu mabegani, akaniambia, "Usibebe kwa mgongo, mdogo wangu. Beba kwa magoti." Wakanitwika mzigo, nikayumba kama mlevi. Wenzake walicheka, naye akacheka kuliko wote.

Wakati huo tulikuwa kundi kubwa, Wameru, Wachaga na Waarusha. Lori likiingia tulilivamia kwa matani na kelele, na kabla chai haijapoa lilikuwa tupu. Kaka na mimi tulipanga chumba Moshono. Jumamosi alipanda nyumbani, juu ya Makumira, kwa mke wake, migomba yake na mibuni michache.

Kisha ikaja foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Tulizunguka kuitazama kama watu wanaotazama ng'ombe mgeni. Msimamizi akaniita mbele yao wote.

"Wewe umesoma kidogo. Utafundishwa kuiendesha."

Nilitaka kukataa. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani.

"Kubali," alisema. "Usipokubali wewe atakubali mwingine, na mimi nitaondoka vilevile."

Na kweli, msimu ulipokwisha aliondolewa, yeye na wengi wa rika lake, akahama chumbani akarudi nyumbani kwake. Kwa muda aliendelea kuja getini, akisubiri pamoja na wengine kama patatokea kibarua. Nilimwona kutoka juu ya kiti changu cha foko. Alininyooshea mkono, nami nikamnyooshea wangu, nikaendelea kupanga magunia. Baadaye sikumwona tena getini.

Nilisikia kwa shemeji, mke wake, kwamba amekwenda Momela, kubeba mizigo ya watalii wanaopanda Mlima Meru. Nikamfuata.

"Kwa umri huu, kaka? Kule juu kuna baridi."

"Kazi ninayoijua ni kubeba," alinijibu. "Na mlimani hawajaleta mashine bado."

Alicheka. Mimi nilishindwa.

Masika alishuka mlimani akikohoa. Badala ya kupumzika, alipanda tena, maana huko mtu akisema anaumwa, safari ijayo haitwi. Safari hiyo wenzake walimshusha kwenye machela. Nilimkuta hospitali, midomo imekauka, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Daktari alisema ni nimonia na kwamba amecheleweshwa.

"Leo malori yameingia?" aliniuliza.

"Yameingia, kaka. Mengi."

"Mmeshusha yote?"

"Tumeshusha."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Hakufika Jumapili.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likakwama bondeni chini ya nyumba. Wale wabebaji wa zamani walikuwa wamekuja karibu wote. Mmoja sasa anauza mitumba, mwingine ni mlinzi, wengine hawana kitu. Hawakungoja kuambiwa. Walivua viatu, wakaliinua jeneza, wakaanza kupanda kwenye tope katikati ya migomba. Nami nikaweka bega langu. Hatukuwa tumefika mbali nilipoanza kuhema, na mtu wa nyuma yangu akanigusa taratibu.

"Tupokezane, ndugu. Bega lako limesahau."

Hakusema kwa ubaya. Nilimpisha, nikatembea nyuma pamoja na akina mama, nikiwatazama wanavyokwenda, hatua moja, pumzi moja, kama nilivyowaona siku zote wakiwa na kaka.

Mchungaji alipomaliza na watu walipotawanyika, shemeji aliniletea chai jikoni. Alikaa kwenye kigoda akiwa amejifunga kanga nyeusi, akasogeza kuni motoni.

"Shemeji, huko ghalani hakuna hata kazi ya kufagia? Hii kahawa yetu haitoshi."

"Hakuna, shemeji. Tumebaki wachache. Na wanasema mashine ya pili inakuja."

Aliinuka, akaniongezea chai ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika sahanini, na hakuna kati yetu aliyeifuta.